Wangapi walianza, wangapi walimaliza? Maswali ya wazazi kuhusu shule za msingi za serikali katika mji mdogo

Mimi ni mzazi wa watoto watatu na mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali katika mji mdogo, ule wa aina ya stendi moja, gulio moja kwa wiki na barabara kuu inayopita katikati. Mwisho wa mwaka matokeo ya darasa la saba yanapotoka, na Januari watoto wapya wanapopanga foleni na sare zinazowapwaya, maswali hayanipi nafasi. Nasimamishwa sokoni, naulizwa msibani, napigiwa simu usiku. Nimeamua kuyaandika pamoja na majibu yake. Nazungumzia Tanzania Bara, kwa sababu Zanzibar wana wizara yao na utaratibu wao.

Uandikishaji unaanza lini, na mtoto awe na umri gani?

Kwa kawaida daftari hufunguliwa Oktoba 1 na kufungwa Desemba 31, kwa awali na darasa la kwanza. Mtoto wa awali awe na miaka 5, wa darasa la kwanza awe na 6. Kila mwaka wako wazazi wanaosubiri shule zifunguliwe Januari ndipo waje. Watoto wao hupokelewa, lakini ucheleweshaji huo una gharama ambayo mzazi haioni. Shule inapanga mikondo, madawati na maombi ya vitabu kwa idadi iliyopo Desemba. Watoto 40 wakiongezeka wiki ya pili ya Januari, 40 hao hawakuombewa kitu.

Kuhusu umri, nakuomba usimharakishe. Najua kuna sifa mtaani ya kusema "wangu kaanza la kwanza ana miaka minne na nusu." Mtoto huyo huishia kukaa na wenzake waliomzidi akili ya mikono, wanaoshika penseli vizuri wakati yeye vidole bado laini. Mwaka wa awali upo kwa ajili hiyo.

Sina cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Atakataliwa?

Hapana. Nenda na kadi ya kliniki au barua ya mtendaji, mtoto aandikwe, kisha ufuatilie cheti. Kama una mdogo wake aliye chini ya miaka 5, usirudie kosa: RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ina mpango wa kusajili watoto wa umri huo bila malipo kupitia vituo vya afya na ofisi za kata.

Tuliambiwa elimu ni bure. Mbona bado natoa hela?

Hili ndilo swali linalogombanisha watu kwenye mikutano, kwa hiyo tulichambue taratibu.

Michango ya lazima katika shule za msingi za serikali iliondolewa kuanzia Januari 2016, na Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka huo ukaeleza nani anawajibika kwa nini. Serikali inalipa walimu na inatuma ruzuku ya uendeshaji. Mzazi anabaki na sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mtoto wake. Neno "bure" lilitusahaulisha nusu hiyo ya pili.

Sasa hesabu ya ruzuku. Kiwango ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 4,000 kati ya hizo hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Zinazofika kwenye akaunti ya shule ni 6,000. Shule yenye watoto 900 inapata shilingi 5,400,000 kwa mwaka, yaani 450,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo, michezo na shughuli za ofisi. Ukigawa kwa kichwa, kila mtoto ana shilingi 500 kwa mwezi. Nikiwasomea wazazi hesabu hii kwenye mkutano, huwa pananyamaza.

Kwa hiyo mchango wa hiari unaruhusiwa, mradi wazazi wameukubali mkutanoni na umepata kibali cha mamlaka za juu ya shule. Asichoruhusiwa mtu yeyote ni kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu mzazi hajachanga. Mtoto wako akirudishwa kwa sababu hiyo, mrudishe shuleni asubuhi yake ukiwa naye mkononi, uzungumze na mwalimu mkuu kwa heshima. Ikishindikana nenda kwa afisa elimu kata. Usimwache mtoto nyumbani "mpaka nipate hela", maana siku hizo zinahesabika kama utoro na haziji kurudishwa.

Ukumbuke pia kwamba ruzuku hutumwa kulingana na idadi ya wanafunzi. Ndiyo maana idadi hiyo inapaswa kuwa ya kweli. Mwaka 2016 serikali ilifanya uhakiki wa wanafunzi hewa nchi nzima, na majina mengi yasiyo na watoto yalikutwa vitabuni.

Kwa nini madarasa yamejaa hivi?

Sababu ya kwanza ni hiyo ya 2016. Michango ya lazima ilipoondoka, watoto waliokuwa nyumbani walitoka kwa pamoja, wa miaka 6 na wa miaka 9 wakakaa dawati moja la darasa la kwanza. Kundi lile lilifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2022. Kila lilipohamia, lilikuta vyumba ni vilevile.

Sababu ya pili ni sisi wenyewe wa miji midogo. Tazama miji kama Himo, Mirerani au Katoro: mmoja uko kwenye njia panda ya magari, mwingine umekua kwa tanzanaiti, mwingine umezungukwa na dhahabu. Watu wanakuja kwa biashara, wanapanga chumba, wanaleta watoto. Shule ya msingi iliyojengwa zamani kwa ajili ya kijiji inajikuta katikati ya mji. Juu ya hapo, wazazi wa vijiji vya jirani hupenda kuwaleta watoto kwa shangazi au mama mdogo aliyepanga mjini, wakiamini shule ya mjini ina walimu wengi zaidi. Mara nyingi ni kweli. Lakini ina watoto wengi zaidi pia, na uwiano unaishia kuwa uleule au mbaya zaidi.

Viwango vya serikali ni hivi: mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, chumba kimoja kwa wanafunzi 45, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na kwa wavulana 25. Chukua idadi ya watoto wa shule yako ugawe kwa 45, utajua vyumba vinavyotakiwa. Kisha tembea uhesabu vilivyopo. Hesabu hii haihitaji barua ya mtu.

Dawa ya muda inayotumika ni kusoma kwa zamu: kundi moja asubuhi, jingine mchana. Mimi siipendi, ingawa naielewa. Mtoto wa zamu ya mchana anaamka, anachota maji, anacheza kwenye vumbi mpaka saa sita, anaingia darasani jua likiwa utosini, akiwa amechoka kabla ya kuanza. Kama mtoto wako yuko zamu hiyo, asubuhi yake ilinde. Hata nusu saa ya kusoma kwa sauti kabla ya kazi za nyumbani inasaidia.

Dawa ya kudumu ni kujenga. Kupitia mradi wa BOOST, ulioanza 2022, shule mpya na vyumba vingi vimejengwa, na baadhi ya shule zilizofurika zikagawanywa mbili. Vilevile kuna shule shikizi, zile ndogo zinazoanzishwa mbali na shule mama ili watoto wadogo wasitembee umbali mrefu. Ukisikia mtaani kwenu panatafutwa eneo la shule shikizi, nenda kwenye mkutano huo. Ardhi ndani ya mji mdogo inaisha haraka, na kiwanja cha shule kikishauzwa hakirudi.

Ufaulu wa shule unahesabiwaje?

Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi hufanyika Septemba kwa siku mbili na kusimamiwa na Baraza la Mitihani, NECTA. Masomo ni 6: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii, na Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, jumla 300. Mwenye 241 na kuendelea anapata A, kuanzia 181 ni B, kuanzia 121 ni C, kuanzia 61 ni D, na chini ya hapo E. Aliyepata A, B au C amefaulu.

Soma tena hapo kwenye C. Mtoto wa alama 121 kati ya 300 na mtoto wa 275 wote wamehesabiwa "wamefaulu", na wote wataingia kwenye asilimia ile inayobandikwa ukutani. Kwa hiyo ukisikia shule ina ufaulu wa asilimia 90, swali lako la pili liwe: wangapi ni A na B, na wangapi ni C? Kwenye ukurasa wa matokeo wa NECTA idadi hiyo ipo, pamoja na wastani wa shule kati ya 300. Wastani unasema mengi kuliko asilimia. Shule mbili zinaweza zote kuwa na ufaulu wa asilimia 90, moja ikiwa na wastani wa 140 na nyingine 200, na hizo ni shule mbili tofauti kabisa.

Angalia pia idadi ya watahiniwa. Shule yenye watahiniwa 20, mtoto mmoja tu ni asilimia 5. Watoto wawili wakiugua malaria wiki ya mtihani, shule "imeshuka kwa asilimia 10." Usimhukumu mwalimu kwa mwaka mmoja wa shule ndogo. Chukua miaka mitatu au minne ndipo useme.

Shule yetu imepata zaidi ya asilimia 90. Je, ndiyo bora mjini?

Labda. Lakini hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu jambo hili ndilo lililonifanya nigombee ujumbe wa kamati.

Asilimia ya ufaulu inahesabu watoto waliokaa kwenye chumba cha mtihani. Haiwahesabu walioanza nao. Tufanye mfano wa shule mbili, namba ni za kubuni ili tuelewane. Shule ya kwanza iliandikisha watoto 160 darasa la kwanza mwaka 2018. Mwaka 2024 waliofanya mtihani ni 92, na 83 wakafaulu. Hiyo ni asilimia 90. Shule ya pili iliandikisha 110, wakafanya 104, wakafaulu 78. Hiyo ni asilimia 75. Kwenye matangazo, ya kwanza inapigiwa makofi na ya pili inaitwa kujieleza.

Sasa gawa waliofaulu kwa walioanza. Ya kwanza: 83 kwa 160, kama asilimia 52. Ya pili: 78 kwa 110, asilimia 71. Mzazi anayempeleka mtoto wa miaka 6 leo, asiyejua mwanawe atakuwa hodari au mzito, anatakiwa kuijali hesabu hii ya pili. Inamwambia ni watoto wangapi kati ya wale wadogo waliopanga foleni siku ya kwanza walivuka na kufika ng'ambo.

Lazima nitende haki hapa. Si kila aliyepungua ameacha shule. Katika mji mdogo watu wanahama: mzazi kafuata kazi, machimbo yamefungwa, biashara imekufa. Mtoto kahamishiwa shule nyingine na anaendelea vizuri. Wengine wamekariri darasa la nne baada ya kutofikia kiwango kwenye upimaji wa kitaifa, kwa hiyo watamaliza mwaka unaofuata. Na wako waliohamia shuleni katikati wakajaza nafasi. Ndiyo maana usiende na hesabu yako ukamtuhumu mwalimu mkuu. Nenda umwombe akueleze: wangapi walihama kwa barua, wangapi walikariri, wangapi walifariki, Mungu awarehemu, na wangapi hawajulikani walipo. Mwalimu mkuu makini anayo majibu, na atafurahi kwamba kuna mzazi anayeuliza. Kundi la mwisho, la wasiojulikana walipo, ndilo la kulikalia kikao.

Kuna jambo jingine nalisema kwa uchungu. Nimewahi kukaa na mama mmoja aliyeshauriwa na shule, ambayo sitaitaja, kwamba binti yake "apumzike kidogo" mwaka wa mtihani kwa kuwa hasomi vizuri, atarudi mwakani. Hakurudi. Shule ile ilipata ufaulu mzuri mwaka huo. Ukishauriwa hivyo, kataa. Mtoto aliyesajiliwa ana haki ya kukaa kwenye mtihani hata kama ataambulia E.

Mbona zamani wengi walikuwa wanafeli na sasa wanafaulu?

Mwaka 2012 ufaulu wa taifa ulikuwa asilimia 30.72. Mwaka uliofuata ulipanda hadi 50.61, kufikia 2016 ukawa 70.36, na tangu 2019 umekuwa ukizunguka kwenye 80: mwaka 2022 ulikuwa 79.62, mwaka 2023 ukawa 80.58, na 2024 ukawa 80.87.

Sehemu ya kupanda huko ni kazi ya kweli. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa ukajikita kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK, badala ya kuwajazia watoto masomo mengi. Nimeyaona matunda yake kwa wanangu: mkubwa alihangaika na herufi mpaka la tatu, mdogo alisoma kabla hajamaliza la kwanza. Lakini kupanda kutoka 30 hadi 80 ndani ya miaka michache hakuwezi kuwa kwa sababu watoto wamekuwa na akili mara tatu. Shule zimejifunza mtihani. Maswali karibu yote ni ya kuchagua, na mtoto aliyezoeshwa mitihani ya majaribio kila wiki anajua namna ya kuyakabili.

Na palipo na shinikizo la namba, majaribu hayakosi. Mwaka 2018 NECTA ilifuta matokeo ya shule zote za msingi za Halmashauri ya Chemba, mkoani Dodoma, kwa sababu ya udanganyifu, watoto wakalazimika kurudia mtihani. Wakubwa walikosea, waliorudi kwenye dawati ni watoto. Januari 2023 Baraza likaacha kabisa kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora. Mimi niliunga mkono. Orodha ile haikuwahi kumsaidia mtoto wa mji mdogo hata siku moja.

Somo gani linawaangusha watoto wetu?

Kiingereza, karibu kila mwaka na karibu kila mahali, kisha Hisabati. Kiswahili ndicho kinachobeba wengi. Mtaala mpya, ulioanza Januari 2024, umeingiza Kiingereza tangu darasa la kwanza, wakati huko nyuma kilianza la tatu. Nia ni nzuri. Lakini mwalimu anayefundisha watoto zaidi ya 100 kwa pamoja hawezi kumsikia kila mtoto akitamka, na lugha haijifunzwi bila kusikiwa. Hisabati kuna unachoweza kufanya nyumbani: mtume mtoto dukani, mwachie ahesabu chenji, na asirudi bila kueleza ilipotoka kila mia.

Nimhamishie shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza?

Uamuzi ni wako na mfuko wako. Ninachokuomba ni kwamba usilinganishe asilimia peke yake. Shule binafsi huchagua nani aingie, na darasa la saba lake mara nyingi ni dogo. Shule ya serikali humpokea kila mtoto wa mtaa, pamoja na yule anayelala njaa na yule mwenye ulemavu ambaye huko walisema hakuna nafasi. Kumfikisha mtoto huyo kwenye B ni kazi kubwa kuliko kumfikisha kwenye A mtoto aliyeingia akijua kusoma. Kingine, uhakikishe unaweza kulipa mpaka mwisho. Mtoto aliyesoma kwa Kiingereza miaka minne kisha akarudishwa shule ya serikali la tano kwa sababu ya ada hukuta masomo yote kwa Kiswahili na hupoteza mwaka mzima akitafuta maneno.

Tunahama. Uhamisho wa mtoto unafanywaje?

Anzia kwa mwalimu mkuu wa shule anayotoka. Kila mwanafunzi ana namba yake kwenye mfumo wa NECTA unaoitwa PReM, na uhamisho hupitia humo: shule anayotoka inamtoa, anayokwenda inampokea. Ukiondoka kimyakimya, jina lake litabaki shule ya zamani akihesabiwa mtoro, na shule mpya haitamwona kwenye mfumo wakati wa kusajili watahiniwa. Kwa watoto wa darasa la nne na la saba fanya mapema kabisa mwanzo wa mwaka, usajili ukishafungwa mlango ni mgumu. Andika namba hiyo ya PReM nyuma ya kadi ya kliniki. Haitapotea hapo.

Nasikia mwaka 2027 madarasa mawili yatamaliza pamoja. Ni kweli?

Ni kweli. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeweka elimu ya msingi kuwa miaka 6 badala ya 7, na elimu ya lazima kuwa miaka 10. Walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watafika la sita 2027. Wakati huohuo waliokuwa la nne mwaka 2024 wanaendelea na utaratibu wa zamani na watakuwa la saba mwaka huohuo wa 2027. Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea makundi mawili.

Kama una mtoto kwenye mojawapo ya makundi hayo, swali la kumpelekea diwani wako ni moja: sekondari ya kata yetu ina vyumba vingapi sasa, na vitakuwa vingapi kufikia Desemba 2027? Uliza mapema, bajeti za halmashauri hupangwa mwaka mmoja kabla.

Chakula cha shuleni ni lazima nichangie?

Hakuna kulazimishana, lakini tangu 2021 upo mwongozo wa kitaifa unaotaka shule zitoe chakula, na chakula hicho kinatoka kwetu wazazi. Shule yetu tulianza na uji tu. Kila kaya ilileta mahindi ya kiasi ilichoweza, aliyekosa mahindi akaleta kuni, na aliyekosa vyote akaja kusonga. Mwalimu wa darasa la pili aliniambia jambo ambalo sijalisahau: kabla ya uji, kuanzia saa nne watoto walikuwa wanaangalia dirishani. Utoro wa rejareja, ule wa kukosa Jumatatu na kuonekana Jumatano, ulipungua mbele ya macho yetu. Siku za masomo ni 194 kwa mwaka. Mtoto anayekosa siku moja kila wiki amepoteza karibu 40 mwisho wa mwaka, na hakuna mtihani wa majaribio unaoweza kuzifidia.

Mkiamua kuchanga, kamati ibandike hesabu ubaoni kila mwezi: magunia yaliyoingia, yaliyotumika, yaliyobaki. Michango mingi haifi kwa umaskini. Inakufa kwa sababu mtu mmoja ndiye anayejua hesabu.

Twisheni?

Kama unamudu na mtoto hajachoka, sawa. Isiwe ya lazima, na isiwe ndiyo mahali ambapo mada ya darasani inamaliziwa. Hilo likitokea, lipeleke kwenye kamati.

Nani hasa yumo kwenye kamati ya shule, na mzazi wa kawaida ana sauti gani?

Wazazi huchaguliwa na mkutano wa wazazi, na mwalimu mkuu ndiye katibu. Kamati hupitisha mpango na bajeti ya shule na kuona matumizi ya ruzuku. Wajumbe wengi huchaguliwa kwenye mkutano wenye watu thelathini katika shule ya watoto mia nane. Njoo kwenye mkutano. Omba taarifa ya mapato na matumizi isomwe, na omba idadi ya wanafunzi isomwe darasa kwa darasa, wavulana na wasichana, mwaka huu na mwaka jana. Dakika tano zinatosha.

Mtoto wangu, au wa jirani, ameacha kwenda shule. Nimechelewa?

Hujachelewa. Kwanza jua sababu yake, kwa sababu kila sababu ina mlango wake. Katika miji yetu wavulana wengi huvutwa na hela ndogondogo: kubeba mizigo stendi, kuosha pikipiki, kuokota mawe machimboni. Akishashika shilingi 3,000 kwa siku, dawati linakuwa gumu. Huyo anahitaji baba, mjomba au hata bosi wake wa kijiweni amwambie aende shule asubuhi, na mtendaji amwambie bosi kwamba kumwajiri mtoto saa za masomo ni kosa. Sheria ya Elimu inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyeandikishwa anahudhuria mpaka amalize.

Wasichana sababu huwa nzito zaidi, kutunza wadogo, kuuguza bibi, na wakati mwingine mimba. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu waliokatisha masomo kwa sababu hiyo kurudi kwenye mfumo rasmi. Nimekutana na wazazi ambao bado wanaamini binti yao alifukuzwa maisha. Waambieni.

Aliyepitwa na umri sana asirudishwe kukaa na watoto wa miaka 7 akichekwa. Kwa ajili yake upo MEMKWA, mpango wa elimu kwa walioikosa, wenye kundi la miaka 9 hadi 13 na la 14 hadi 18. Uliza kwa afisa elimu kata ni shule ipi ya karibu inayo darasa hilo.

Kisha nenda shuleni, hata kama ni aibu, hata kama umepita mwaka. Mwombe mwalimu afungue rejesta ya uandikishaji ya mwaka ule mtoto alipoanza. Jina lake utalikuta humo, na tarehe aliyoandikishwa pembeni yake.